Shangazi na Matangi Mawili ya Mkaa

"Shangazi, mbona wewe hunywi maji yako?"

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa mezani, na jirani yetu fundi cherehani alikuwa ameniletea sare ya shule. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Haya, Mama Matangi, mjibu mtoto."

Shangazi aliinuka. Alichota kikombe kutoka kwenye ndoo ya maji ya kisima, akanisukumia. "Kunywa, mwanangu." Nikanywa chote. Yeye akajimiminia maji ya mvua kutoka kwenye dumu lake.

Fundi akaondoka na sindano zake na habari mpya.

Kazi ya shangazi mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuielewa. Anasimamia pampu ya kisima cha mtaa wetu. Zamani tangi la chini ya ardhi la kituo cha mafuta, kule juu barabarani, lilivuja. Kilichofika kisimani hakikuwa petroli yenyewe, bali dawa iliyochanganywa ndani yake ili iungue vizuri. Petroli na maji havipatani, lakini dawa ile inayeyuka majini kama sukari kwenye chai, na maji yakienda, nayo inakwenda. Ikizidi, unasikia harufu ya rangi mbichi ya ukuta.

Kwa hiyo maji hupitishwa kwenye matangi mawili ya chuma yaliyojaa mkaa amilifu. Si ule wa kupikia. Ni chembe nyeusi zenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na dawa inanasa humo. Tangi la kwanza linabeba mzigo mkubwa, la pili linaokota kilichoponyoka. La kwanza likishiba, linawekwa mkaa mpya, kisha vali zinageuzwa: lile la pili linapanda cheo kuwa la kwanza, na lenye mkaa mpya linakaa nyuma. Mpya siku zote nyuma.

Mwaka ule shangazi alikuwa bado mgeni kazini, na siku ya kubadilisha mkaa aliwaza kama ambavyo ningewaza mimi: mwenye nguvu atangulie, aliyechoka asaidie nyuma. Akaacha vali zilivyokuwa. Tangi jipya likasafisha maji vizuri kabisa, na maji hayo safi yalipofika kwenye mkaa uliochoka, mkaa ukaanza kuyarudishia dawa uliyokuwa umeishika kwa miezi.

Siku ya tatu mke wa fundi alirudi kutoka safarini, akapika chai, akaja nayo mlangoni kwetu. "Jirani, hii ni chai au rangi?"

Shangazi akanusa. Akanusa tena. Hakusikia kitu. Baba naye hakusikia, wala mimi. Tulikuwa tumeyanywa maji hayo siku zote tatu, na harufu ilikuwa imeongezeka kidogo kidogo, kama mtoto anavyorefuka mbele ya macho yako usimwone.

Hakubishana na mwenye chai. Alikwenda kufunga vali kuu, akazunguka mtaa mzima na kipaza sauti: "Msinywe maji. Nimepanga matangi vibaya. Kosa ni langu."

Baba, ambaye ni mdogo wake, alimwambia, "Dada, si ungesema tu pampu imeharibika?"

"Pampu imenikosea nini?"

Aligeuza vali, akasafisha mabomba, akapokea barua ya onyo. Maji yakarudi. Lakini tangu siku hiyo hakuyanywa tena nyumbani, ndipo mimi na domo langu nikauliza swali lile mbele ya fundi.

Ndani ya wiki moja foleni ya ndoo ilibaki na watu wanne. "Mpishi hali chakula chake, sisi tule?" walisema. Wengine wakaongeza kwamba anayajaribia maji kwa mtoto wa mdogo wake. Ofisi ya maji ikatangaza kwamba kisima kisipopata watumiaji kitafungwa mwisho wa mwezi, na wasio na uwezo wa kununua maji ya mkokoteni wakachote mtoni. Shangazi aliendelea kwenda kazini alfajiri. Nilijiona mchawi kwa lile swali langu.

Aliyetuokoa ni mke wa fundi. Asubuhi moja alipanga ndoo mbili bombani. Mumewe akamuuliza kama ana akili timamu.

"Mtu aliyejitangazia kosa lake kwa kipaza sauti, kosa jingine angelificha kwa nini?" akamjibu, akajitwisha ndoo.

Watu wakasema, kama mwenye pua amerudi, sisi ni nani? Foleni ikarefuka, na kisima hakikufungwa.

Sasa niko kidato cha tatu. Mwezi uliopita pale kwenye pampu walifunga kifaa kinachopima maji saa zote, na jioni hiyo nilimwona shangazi akinywa maji ya kisima nyumbani kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza tena.

"Pua ikizoea kitu, haikisikii," alisema. "Siku ya ile chai niliambulia patupu. Nikaona bora niwe nafika kazini na pua ngeni, ninuse kabla sijafungulia. Sampuli zilikuwa zikienda maabara ya mbali, majibu baada ya siku tisa. Siku hizo tisa mlikuwa na pua yangu tu."

"Si ungewaambia?"

"Nani angeleta ndoo, mwanangu, akijua kinachomlinda ni pua iliyokwisha kukosea mara moja?"