Pua ya Kuazima

Tangu ugonjwa umnyang'anye uwezo wa kunusa, baba hupika kama mtu anayevuka barabara amefumba macho. Siku za kazi hupenda kababu za kuku za Kiitaliano: kuku wa kusaga, chembe za mkate, jibini na kitunguu saumu, mikono yake mikubwa ikiviringisha taratibu, kila moja sawa na ndimu. Lakini haviringishi hata moja kabla ya kumsogezea binti yake bakuli puani. "Mama, hebu ninusie." Humwita mama kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. Binti akisema, "Safi, baba," mabega ya baba hushuka kidogo, kisha huuliza tena, "Una hakika?"

Leo binti alisema "Safi" kwa mazoea tu, maana mafua yalikuwa yamemziba pua tangu asubuhi. Mchuzi wa nyanya ulishatengwa juu ya jiko la gesi, kababu zimepangwa ndani yake, na baba ameshika kiberiti, ndipo binti akamshika mkono. "Baba, subiri. Sikunusa kitu." Baba hakugomba. Aliweka kiberiti chini kama anayeweka yai, akaenda kumgongea mama wa jirani aje awaazime pua. Jirani alikuja akicheka. Alipofika mlangoni mwa jikoni, kicheko kikakatika. Kababu hakuzitazama. "Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "gesi imejaa humu. Usiguse hata swichi ya taa. Mtoe mtoto."