Fomu ya Kuacha Shule kwa Hiari

Jumanne ya kwanza ya Machi 2018 nilisimama kwenye kaunta ya shule moja ya kanisa, hapa mtaani kwetu Bertrams, nikisubiri ripoti ya mjukuu wangu. Mbele yangu alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Shuleni ilikuwa imejulikana kwamba anapenda wasichana, na sasa karani alimsukumia fomu ya kuacha shule.

"Saini tu, binti yangu. Tunakusitiri."

"Fomu inasema naondoka kwa hiari yangu, Mama. Sina hiari hiyo."

"Basi mchungaji atakufukuza."

"Anifukuze. Ila aandike sababu, atie tarehe na muhuri, niipeleke mahakamani; sheria ya nchi hii hairuhusu kumfukuza mtu kwa hilo."

Karani aliingia ofisini kwa mchungaji, mkuu wa shule, akakawia, akarudi macho chini.

"Muhuri umekauka wino. Eish, nenda darasani kwanza."

Msichana alimrudishia fomu, nyeupe kama alivyopewa, akaenda darasani.

Mimi ni karani mstaafu. Najua mihuri hukauka lini. Dakika tano baadaye ripoti ya mjukuu wangu iligongwa muhuri uleule, wenye tarehe ya siku hiyo, na wino ukanichafua kidole gumba.