Watu wa kodi walivyoniletea barua ya KUFUNGWA hapa Kanyenye

Wakuu, heshima kwenu. Chumvi kwenye uzi huu hakuna, kuna jasho tu.

Niko Tabora. Mimi ni mtu wa nyumbani kiasi kwamba safari yangu ndefu kwa wiki ni kutoka chumbani mpaka barazani kwa bibi.

Zamani nilikuwa na kibanda cha kutoa kopi. Kikafa kimya kimya, na mimi nikanyamaza. Watu wa kodi sikuwaaga.

Juzi mjomba katoka posta. Sanduku ni lake ila ukoo mzima tunalitumia. Akanirushia bahasha: "Mjomba, serikali inakusalimia."

Nikafungua. Mstari wa kwanza, herufi kubwa:

YAH: TAARIFA YA KUFUNGWA

Wakuu, sikuendelea. Nikaikunja. Presha juu.

Bibi (ananiita mume, si mnajua utani wa bibi na mjukuu) akauliza kulikoni. Nikamwambia nafungwa.

"Mume wangu, wewe wa kuamka saa nne, jela utaiweza? Na mimi niwe mjane mara ya pili?"

Nikasema natorokea Igalula kwa shangazi.

"Shangazi yako atakulimisha mpaka ukonde. Bora jela. Vaa viatu, kawasikilize."

Nikaenda. Kwenye foleni nawaza nani atamchotea bibi maji nikiwa ndani. Wa kumwachia sikumwona. Hapo utani wote ukaniisha.

Kufika dirishani, kwa woga nikamwamkia shikamoo dada ambaye nimemzidi umri waziwazi.

"Marahaba," akaitikia bila aibu. Akasoma barua, akanitazama. "Mwanangu, mstari wa pili umeusoma?"

"Hapana."

"Usome."

KWA NAMBA YAKO YA BIASHARA.

Kumbe kibanda kimeonekana hakifanyi kazi, namba ndiyo imefungwa. "Wewe hujafungwa. Au ulikuwa unataka?"

Foleni nzima kicheko. Sikujali. Furaha ikanipanda kichwani, mdomo ukateleza: "Dada, ukitaka asali safi ya nyuki wadogo nitafute. Nauzia nyumbani, oda haziishi!"

Akatabasamu. Akanionyesha kiti.

"Kumbe unauza? Hebu kaa."

Wakuu, namba ikafunguliwa siku hiyohiyo.

Nilichojifunza: barua isome mpaka kwenye muhuri, halafu mdomo ndio uufunge.

Wewe karatasi gani iliwahi kukutetemesha? Shusha hapa. Watani mcheke taratibu, bibi anawasoma.