Ng'ombe wa Moloimet Ndani ya Diski

Marsela Qamara alizaliwa kijiji cha Daa, upande wa Karatu, kwa wazazi Wambulu waliolima ngano na maharage. Alijifunza kupiga taipu Arusha, kisha akapata kazi kwenye mradi wa chanjo ya mifugo uliokuwa na ofisi ya mabati juu ya ukingo wa kreta, Ngorongoro. Mimi nilikuwa natunza jenereta ya ofisi hiyo, ndiyo maana nilimfahamu. Mwaka wa themanini na saba tuliletewa kompyuta. Ndani yake mlikuwa na diski kubwa, na wageni walioileta walisema ingemeza ng'ombe wote wa wilaya na bado ibaki na njaa.

Marsela alikuwa mtu wa kutunza ahadi. Alipozunguka na gari la chanjo, wafugaji walimwambia hawataki ng'ombe wao wahesabiwe kwa jumla, maana kufanya hivyo ni kuita balaa. Akawaahidi. Basi kila ng'ombe akamfungulia faili lake, lenye jina, rangi na siku ya chanjo, ili pasiwe na mahali panapoonyesha jumla. Mafaili yote akayaweka katika chumba kimoja cha diski, akakiita Zizi.

Mwaka uliofuata kulikuwa na ukame. Asubuhi moja mfugaji wa Kimasai, mzee Moloimet, akafika na kundi lake. Kijito cha kwao kilikuwa kimekauka, wakatembea kutafuta maji ya kreta. Askari wa njia ya kushukia akawazuia. Homa ya mapafu ilikuwa imeingia, na ng'ombe asiyechanjwa hakuruhusiwa kushuka. Kadi za chanjo za Moloimet zilikuwa zimeteketea pamoja na nyumba ya mke wake mdogo. Ushahidi ukabaki kwenye kompyuta tu. Tena ng'ombe hawakuruhusiwa kulala bondeni. Kundi lisiposhuka kabla jua halijafika utosini, siku imepotea. Nje tulisikia wakilia kwa kiu. Ndama walikuwa wanalamba ukuta wa mabati kwa sababu ya umande.

"Nitajie mmoja mmoja, mzee," Marsela akasema.

"Anza na Narok."

Marsela akaandika jina. Diski ikakoroma. Ikakoroma tena. Moloimet akatoka, akaangalia ng'ombe, akarudi, na kioo cha kompyuta bado kilikuwa kitupu. Narok alipotokea hatimaye, Marsela akaandika jina la pili, Nado, na diski ikaanza kukoroma upya.

Bwana Mifugo Martini akaingia. "Hiyo diski imekufa. Tuipeleke Arusha. Mzee, warudishe ng'ombe."

"Niwarudishe wapi? Kwako Karatu, wakanywe pombe yenu?"

"Amri si yangu, mzee."

"Na kiu si yako."

Marsela akanigeukia. "Kaka Josephati, umeme wako umelegea?"

Nikakimbia kuangalia. Mashine ilikuwa inanguruma sawasawa. Nikarudi nikamwambia. Akaizima kompyuta, akafungua kifuniko na kupuliza lile vumbi letu jekundu, akaiwasha. Hali ikawa ile ile. Akaiambia ijikague yenyewe. Ikajibu kwamba diski ni nzima na nafasi ipo. Hapo nikamwona anatoka jasho, na Ngorongoro asubuhi si mahali pa kutoka jasho.

Akafungua barua ya zamani ya ofisi, iliyokuwa katika chumba kingine cha diski. Ikatokea mara moja. Akarudi kwa Nado. Kukoroma.

"Diski haiumwi," akasema. "Inakwama kwenye Zizi tu."

"Inatafuta nini muda wote huo?" Moloimet akauliza.

"Kila nikitaka ng'ombe mmoja, inasoma kwanza majina ya wote."

"Wote wa nani?"

"Wote. Wa Endulen, wa Nainokanoka, wa Loliondo."

Moloimet akacheka, lakini kwa hasira. "Nyinyi Wambulu! Umelaza ng'ombe wa maboma yote katika zizi moja? Hata mtoto mwenye kamasi hafanyi hivyo."

"Niliogopa jumla, mzee."

"Nikiwa kwangu sihesabu. Naangalia sura zao. Lakini nawaangalia kwangu!"

Marsela akafungua chumba kipya, akakiita Moloimet. Kwa bahati, jina la kila faili lilianza na herufi za mwenye ng'ombe. Akaandika amri ya kuyanakili yale ya Moloimet peke yake.

"Ukikosea, umefuta chanjo za mwaka mzima," Martini akaonya.

"Nanakili, sifuti. Kaka Josephati, mashine isizime."

Dizeli ilikuwa imebaki kidogo. Nikasimama karibu na jenereta, macho dirishani. Majina yalipita kwenye kioo moja baada ya jingine, taratibu, huku kivuli cha nyumba kikifupika. Yalipokwisha, akaliita jina la Nado. Akatokea kabla Marsela hajaondoa kidole.

"Amechanjwa."

"Naibor?"

"Amechanjwa."

Wakaenda hivyo, mmoja anaita, mwingine anaitikia, na Martini akawa anampigia askari kelele awapitishe. Wana wa Moloimet wakaanza kuwaswaga kuteremka.

"Sambu?"

Kioo kikabaki kitupu. Marsela akaandika tena. Akamtafuta hata katika Zizi kubwa, tukangoja. Hayumo.

"Siku ya gari la chanjo alikuwa porini anazaa," Moloimet akasema polepole. "Nusu ya wale wanaoshuka ni watoto wake."

"Hawezi kupita, mzee," Martini akasema, na safari hii hakupandisha sauti.

Moloimet akatoka, akakaa chini karibu na ng'ombe wake, kichwa cha Sambu juu ya bega lake. Kundi lilikuwa limeshapotea kwenye vumbi la njia. Marsela akatoka na ndoo mbili, akazijaza kutoka kwenye pipa la maji ya chai la ofisi, akaziweka mbele ya Sambu. Ng'ombe akatumbukiza pua mpaka machoni.

"Marsela," Martini akaita kutoka mlangoni, "na chai yetu?"

"Leo hatunywi," akajibu, akainama kuchukua ndoo iliyokwisha.