N ni Ndiyo

Kisa hiki nakiandika kwa aibu. Mimi ni fundi redio hapa Izia. Ufundi wangu niliupata vitabuni, bila mwalimu, na tangu hapo nikajiamini kwamba hakuna karatasi inayoweza kunishinda.

Baada ya miaka tisa bila mtoto, mimi na mke wangu Fausta tulipimwa homoni. Majibu tulipewa Ijumaa, tukaambiwa daktari atatueleza Jumatatu. Sikuweza kungoja. Nilipimwa homoni tatu, na mbele ya kila moja paliandikwa N. Fausta alipimwa moja tu, nayo ilikuwa na H. Katika fomu zote nilizowahi kujaza, N ni Ndiyo na H ni Hapana. Basi tatizo lilikuwa kwangu, mara tatu.

Sikula siku mbili, nikiogopa kwamba Fausta atarudi kwao Kaengesa. Jumapili, baada ya misa, nilipiga magoti nikamwomba msamaha.

Alilia, kisha akacheka. "Inuka, bwana wee, suruali ya misa hiyo! Miaka yote nilidhani ni mimi. Siendi popote."

Jumatatu nilimwahi daktari. "Usihangaike, nimeshasoma. Kasoro ni yangu."

Akazitazama karatasi. "Mzee wangu, hizo ni herufi za Kiingereza. N ni 'normal', yaani kawaida, wewe huna shida. H ni 'high', ndiyo iliyozidi kiasi."

Fausta, aliyekuwa amenishika mkono tangu getini, akauachia.

"Kumbe ni mimi?" akaniuliza.