Vidole vya Mama Mbele ya Mashine

Harufu ya hina iliyochanganywa na ndimu hunitia baridi mwilini. Wenzangu wakiisikia hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka chumba kidogo kisicho na dirisha katika uwanja mkubwa wa ndege kusini mwa China, kiyoyozi kikivuma juu ya kichwa changu, na mama yangu ameketi kwenye kiti cha chuma, viganja vyake ameviacha wazi juu ya mapaja kana kwamba si vyake. Hina ile nilimpaka mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, nimebakisha miezi minne nitimize kumi na minne, na kwa saa nyingi siku ile niliamini kwamba mimi ndiye niliyemfungia mama yangu katika nchi ya watu kwa bakuli moja la hina.

Mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaolima mwani pale kwetu Kibuyuni. Asiyeijua kazi hiyo nimweleze kwa ufupi: mbegu za mwani hufungwa moja moja kwenye kamba, kamba hutandazwa baharini maji yanapokupwa, na baada ya wiki kama sita huvunwa na kuanikwa. Unaobaki hupikwa sabuni kwa dawa kali inayochoma hata puani. Mwaka ule mnunuzi mmoja wa China aliwaalika wawili kati yao waende wakaone kiwanda chake na kutia saini mkataba wa kuwauzia mwani moja kwa moja, bila dalali. Kwa kina mama wale hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kuwafika. Aliyepaswa kwenda na mama ni katibu wao, Bi Saumu, kwa kuwa ndiye peke yake aliyejua Kiingereza, lakini Bi Saumu alikuwa na mimba ya miezi minane. Wakakaa, wakazungumza, mwishowe Bi Saumu mwenyewe akasema, "Mchukueni Mishi. Kiingereza chake cha shule kinatosha kuulizia maji na choo." Mnunuzi akabadilisha barua ya mwaliko, jina langu likaingia.

Alasiri ya kuamkia safari kina mama walikuja kumuaga mama kwa hina. Mama alitaka apakwe viganja na kucha tu. "Ncha za vidole ziache, mwanangu," aliniambia, "nisiende kwa watu nimejikoleza kama bibi harusi." Kisha akasinzia, kwa kuwa alikuwa ametoka kuvuna wiki nzima, nami nilipoona bakuli bado lina hina nikampaka hadi ncha, vidole vyote kumi, nikaona nimefanya jambo zuri sana. Alipoamka aliniangalia kwa jicho moja, akacheka, yakaisha.

Tulishuka kwenye ndege saa mbili asubuhi ya kwao. Nilikuwa nimejiandaa kwa umati na kelele, sikujiandaa kwa ukubwa. Ukumbi uliishia kwenye ukumbi mwingine, kuta za kioo, zulia lisilo na doa, na watu wote wanakwenda mbio kama wanaojua waendako. Mabango yalikuwa na maandishi ya Kichina na Kiingereza kidogo chini yake, nami nilikuwa nikiyasoma polepole kwa kidole huku mama amekwisha kukata shauri lake. Alikuwa amemwona mzee mmoja aliyevaa kofia ya viua kama za kwetu, tuliyepanda naye ndege moja. "Tumfuate huyo," alisema. "Mwenye kofia hatatupoteza." Tukamfuata kwa heshima zote, tukapanda ngazi ya umeme, tukapita mlango wa kioo, hadi mzee akafika kwenye foleni ya ndege nyingine iendayo mji mwingine kabisa. Askari akatazama karatasi zetu akatikisa kichwa. Tuligeuka turudi tulikotoka, na mlango wa kioo ulikuwa umejifunga. Upande wetu haukuwa na kitasa. Tuliwaona watu upande wa pili wakipita, mama akagonga kioo taratibu kwa pete yake, hakuna aliyegeuka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Tulisimama pale hadi mwanamke mmoja mfagiaji akatuhurumia, akatuongoza kwa mkono hadi kwenye treni isiyo na dereva. Mama aliuliza nani anaiendesha, nikamjibu kwa ukali kwamba sijui.

Treni ilitufikisha kwenye ukumbi wenye mashine zilizopangwa safu, kila moja na kioo cha kuchagulia lugha na mahali pa kubonyeza vidole. Mgeni huchagua lugha, huweka vidole, mashine humpa kikaratasi, ndipo huenda kwa afisa. Mimi nilikuwa nimekwisha kukiona Kiingereza, lakini mama aliniondoa mkono. Hakwenda shule mama yangu, ila chuoni alihitimu Kurani mara mbili, na kati ya maandishi yote yale alikuwa ameona herufi za Kiarabu. "Hii naisoma," alisema, kwa furaha ya kwanza tangu tuondoke Nairobi. Akabonyeza. Mashine ikaanza kuzungumza Kiarabu, na mama akasoma yale maandishi kwa sauti, herufi moja moja, kila moja ameitoa pale panapostahili, kama yuko kwenye hitima. Hakuelewa hata neno moja, wala hakuona kama hilo ni tatizo. Mwarabu mmoja nyuma yetu akasema mashaallah, kisha akamwonyesha kwa mkono wake: vidole vinne vya kushoto, hapa. Mama akaviweka. Taa ikawa nyekundu. Akafuta kwa buibui, akaweka tena. Nyekundu. Tukahamia mashine ya pili, ya tatu, sasa kwa Kiingereza changu, na sauti ikawa inarudia agizo lile lile bila hasira wala huruma, na kila mara nyekundu.

Tulikwenda kwa afisa bila kikaratasi. Alichukua pasipoti yangu kwanza, akaniangalia, akagonga muhuri, akanipungia mkono nipite. Baadaye nilijua kwamba wa chini ya miaka kumi na minne hawadaiwi vidole. Wakati ule nilijua tu kwamba nimevuka, kigeti kimefungwa nyuma yangu, na mama yuko ng'ambo amebonyeza vidole kwenye kijimashine cha mezani na afisa anainua mkono kuita wenzake. Wakaja wawili, wakamwelekeza mlango wa pembeni. Aligeuka kunitafuta. Nilimwona akigeuka, sijui kama aliniona.

Barua ya mwaliko ilikuwa kwenye mkoba wake, na yeye hawezi kuisoma. Mimi niwezaye kusoma nilikuwa nimeshika pasipoti yangu na peremende ya ndege. Askari mmoja alinionyesha njia ya kwenda kuchukua mizigo. Nilikaa chini, pale pale sakafuni, miguu nimeikunja. Sikulia. Nilikasirika, niseme kweli: nilimkasirikia mama kwa Kiarabu chake, nikamkasirikia Bi Saumu kwa mimba yake, nikamkasirikia mzee mwenye kofia ambaye hakuwahi kujua kama tupo. Ndipo nilipotazama mikono yangu na kuona wekundu wa hina uliobaki kwenye kidole nilichompakia. Tulipokwenda Mombasa kutafuta pasipoti, kijana wa pale alishindwa na vidole vya mama mara mbili, mara ya tatu akavikandamiza mwenyewe kwa nguvu akasema vinatosha. Vilipita. Kati ya Mombasa na hapa, nilijiuliza, ni kitu gani kilichoongezeka? Jibu lilikuwa moja, nalo lilikuwa mkononi mwangu. Wangemrudisha nyumbani kwa ndege ile ile, mkataba ungepotea, na kina mama wote wa Kibuyuni wangejua ni nani aliyewaharibia.

Baada ya muda niliouona kama siku nzima, walikuja kunichukua, maana walihitaji mkalimani. Mle chumbani alikuwapo afisa mwanamke wa makamo, nywele fupi, miwani, mpole kwa namna ya mtu aliyechoka. Alimletea mama maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi. Mama aliyashukuru, akayaweka mbele yake akingoja majani ya chai, hadi yakapoa. Afisa alizungumza Kichina kwenye simu yake, simu ikatoa Kiingereza, nami nikatoa Kiswahili. Kazi ilikwenda vizuri hadi simu iliposema: je, amejipaka kitu chochote vidoleni?

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anauliza kama umenawa," nilimjibu.

"Mwambie nimenawa, na udhu nimetia."

Nikamgeukia afisa nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hapana, hajapaka chochote, ndivyo vidole vyake vilivyo. Uwongo mmoja kwenda, mwingine kurudi, na wote wawili wakaniangalia kwa kuniamini. Sijawahi kujiona nimebanwa kama nilivyobanwa dakika ile. Afisa alimsugua mama vidole kwa pamba yenye spiriti. Akampaka mafuta. Akampa kitambaa cha moto avishike. Mama hakulalamika, ila aliuliza kibla kiko upande gani, maana adhuhuri ilikuwa inampita, nami sikujua, na chumba hakikuwa na jua la kutusaidia. Aliswali akiwa amekaa, ameelekea mlangoni.

Mwishowe afisa alileta kijimashine kingine chenye kioo cha kukuzia, akaniita mimi kwanza. Niliweka kidole changu cha shahada na kwenye kioo ikatokea mistari, imejipinda vizuri, kama mchanga wa pwani maji yakishatoka. Akachukua cha mama. Hina ilionekana, nyekundu kidogo, haikuzuia chochote. Lakini chini yake hapakuwa na mistari. Palikuwa peupe, laini, na mikwaruzo miwili mitatu ya kamba. Akajaribu cha pili, cha tatu, vyote kumi. Peupe.

Nilifurahi. Ni aibu kuandika hivyo, lakini nilifurahi hadi machozi yakanilenga, kwa kuwa si hina, si mimi. Kisha nikamtazama mama. Alikuwa ameinamia kile kioo, anatazama changu na chake. "Yangu imekwenda wapi?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Afisa alitaka kujua kazi yake. Mimi sikujua mwani ni nini kwa Kiingereza, kwa hiyo mama akamwonyesha: akashika kamba isiyokuwapo, akafunga fundo, akakaza kwa vidole viwili, akafunga jingine, akakaza. Afisa alifikiri anafua nguo. Tukamwacha afikiri hivyo. Aliandika karatasi ndefu, akaja mkubwa wake akaisaini, na saa nane mchana wakamgongea mama muhuri.

Tulipokuwa tukitembea kwenda kwenye mizigo, mama alinishika bega. "Haya ya vidole usiwaambie kina mama," alisema. "Wakijua, nani atashika kamba tukirudi na mkataba?" Nikamwambia sitasema. Kijana wa mnunuzi alikuwa bado anatungoja na kibao chenye jina la mama. Siku ya tatu mama alitia dole gumba kwenye mkataba, likatoka doa jeusi tupu, na hakuna aliyelitazama mara mbili.

Miaka saba imepita. Mkataba ule umejenga nyumba za mawe Kibuyuni na umenisomesha mimi, na siku hizi ninafanya kazi ya mapokezi katika hoteli Diani, ambako kila asubuhi ninawapokea watu walioshuka kwenye ndege bila hofu hata chembe. Mashine zote hunikubali. Simu yangu hufunguka kwa kidole, mlango wa ofisi hufunguka kwa kidole, na kila unapofunguka humkumbuka mama kwa dakika moja kisha huingia kazini. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwa mapumziko nikakuta watu wanaandikishwa na serikali kwa alama za vidole, turubai limetundikwa, kijana na mashine yake mezani. Kina mama wa mwani walikuwa kwenye foleni. Mmoja akakataliwa, wa pili akakataliwa, wa tatu. Kijana akawaambia wakanawe vizuri. Wakaenda bombani, wanawake watu wazima, wakanawa kwa sabuni waliyoipika wenyewe, wakasugua kwa mchanga, wakarudi, wakakataliwa. Bi Saumu akasema mashine ni mbovu, wengine wakaitikia, na kijana akaanza kuifuta kwa shati lake.

"Mashine ni nzima hiyo," mama akasema. Alikuwa nyuma ya foleni, hakupaza sauti. "Ni mikono yetu. Kazi imeila mistari yote. Sote hatunayo."

Bi Saumu alitazama vidole vyake, akavipeleka karibu na macho, kisha akamtazama mama. "Umelijua hili tangu lini, mwenyekiti?"

"Tangu China."

Bi Saumu alinigeukia mimi, nilikokuwa nimesimama pembeni na simu mkononi, na wengine wote wakageuka naye, wanawake ambao walinichangia nauli na kunipakata utotoni. "Na wewe, Mishi," aliuliza, "ulijua?"

Safari hii hapakuwa na wa kumtafsiria. Nikasema nilijua.