Raheli Arudi Msaragambo

Kijijini Bombo, ukimtafuta Raheli siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, hukuwa na haja ya kuuliza, ulifuata sauti tu. Watu wa kitongoji walipokusanyika na majembe kusafisha ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na jembe lake halikuwa na mzaha.

Kisha baridi yabisi ikamwingia viungoni, akiwa hajafika hata hamsini. Asubuhi vidole vilivimba na kukakamaa, kufungua chupa ya chai kukamtoa jasho. Daktari kule Same alimpa dawa, zikamsaidia. Ila aibu haina kidonge. Raheli alijiona mzigo, akanuna, akalia jikoni akisingizia moshi. Na kwa kuwa alijaliwa kiburi cha kuwatosha wanawake watatu, hakumwambia mtu. Kila msaragambo ulipoitishwa alikuwa na udhuru: leo ana mgeni, kesho ng'ombe anazaa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja, na watu si wajinga. Wakasema Raheli siku hizi anajidai. Maneno hayo yalimuuma kuliko vidole.

Siku moja jirani yake Eliwaza akaingia bila hodi, akamkuta amebana kikombe kwa viganja viwili kama mtoto.

"Kumbe ni mikono!" akafoka. "Na sisi tunakusengenya bure! Mama Tumainieli, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nije ndivani kuwatazama?"

"Uje kuimba! Siku hizi anaanzisha Mzee Melkizedeki. Anaimba kama yuko msibani, watu wanasinzia juu ya mipini."

Raheli akacheka mpaka machozi, halafu akaogopa. Hata hivyo msaragambo uliofuata alikwenda, hana jembe. Watu wote wakamtazama.

"Ninaumwa viungo," akasema kwa sauti. "Jembe silishiki tena. Niliwaficha kwa sababu naona aibu."

Mzee Melkizedeki akajifuta jasho.

"Mungu asifiwe! Njoo upokee wimbo, mwanangu, koo limenikauka."

Kicheko kilipotulia, Raheli akasimama ukingoni juu ya ndiva, akaanza. Majembe yakapanda na kushuka pamoja, tope likaruka.

Katikati ya wimbo kitenge chake kikalegea, na vidole vikagoma kukifunga. Wiki iliyopita angekimbilia nyumbani. Sasa aliwaacha wengine na kiitikio, akaita mbele ya watu wote: "Eliwaza! Panda unifunge kitenge, mimi siwezi."

Eliwaza akapanda na tope lake mpaka magotini, akakaza fundo, na Raheli akaingia ubeti wa pili.